Uchaguzi wa Mapipa ya Taka

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu uchaguzi mdogo ambao pengine ulikupita usiusikie: uchaguzi wa madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Mid Suffolk, mashariki mwa England. Ulifanyika Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023. Jumamosi yake Mfalme Charles alikuwa anatawazwa, na redio na televisheni za dunia nzima zilikuwa zimejaa habari za taji, farasi na magari ya kifalme. Nani angekuwa na nafasi ya kuuliza habari za madiwani?

Basi kura zikahesabiwa, na viti 34 vya halmashauri ile vikagawanyika hivi: Chama cha Kijani viti 24, Conservative viti sita, Liberal Democrats viti vinne. Labour hakikuambulia hata kimoja. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Uingereza, Chama cha Kijani kilishika halmashauri kwa wingi wa viti vyake chenyewe, bila kubembeleza chama kingine. Diwani Andy Mellen akawa kiongozi wa halmashauri.

Sasa, mtu akisikia Chama cha Kijani huko Ulaya, haraka haraka hufikiria mji mkubwa wenye chuo kikuu, vijana wa baiskeli na mikahawa isiyopika nyama. Mid Suffolk sivyo ilivyo. Ni wilaya ya mashamba ya ngano, shayiri na kiazisukari, na mabanda ya nguruwe na kuku. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu huko watu wapatao 102,700. Stowmarket ndio mji wake mkubwa, kisha ipo miji midogo kama Needham Market na Eye, na baada ya hapo ni vijiji, kanisa la mawe hapa, baa moja pale, barabara nyembamba katikati. Wastaafu ni wengi. Majimbo ya Bunge ya upande ule yalikuwa yakirudisha wabunge wa Conservative miaka nenda miaka rudi. Ukimwambia mchambuzi wa siasa wa miaka ya tisini kwamba hapo ndipo Kijani watakapoanza kutawala, angekucheka mpaka machozi yamtoke.

Ilikuwaje, basi? Jibu la haraka lilitolewa siku hiyohiyo na wachambuzi wa London. Walisema wananchi wamekiadhibu chama tawala, yaani Conservative. Na ni kweli kwamba chama hicho kilikuwa taabani. Ndani ya mwaka mmoja wa 2022 nchi ilikuwa na mawaziri wakuu watatu: Boris Johnson, akaja Liz Truss, akaja Rishi Sunak. Bei za gesi, umeme na chakula zilikuwa zimepanda. Katika halmashauri 230 za England zilizopiga kura siku ile, Conservative walipoteza zaidi ya viti 1,000. Labour waliongeza zaidi ya 500, Liberal Democrats zaidi ya 400, Kijani zaidi ya 200. Ukisoma hesabu hizo ukaishia hapo, utasema ni wimbi la kitaifa, na Mid Suffolk imesombwa nalo.

Lakini ngoja. Kabla hatujafunga mjadala, naomba tutazame halmashauri mbili za miji zilizopiga kura siku hiyohiyo. Ila kwanza tuelewane halmashauri ya wilaya huko inafanya nini, maana bila hilo matokeo yake hayasomeki.

Suffolk ina ngazi mbili za serikali za mitaa. Juu lipo baraza la kaunti, ambalo linashughulika na shule, barabara, maktaba na matunzo ya wazee. Chini yake ndiyo wilaya. Wilaya inazoa taka. Wilaya inatoa kibali cha ujenzi, au inakikataa. Inasimamia nyumba za halmashauri na orodha ya wanaozingojea, inawatafutia pa kulala wasio na makazi, inakagua usafi wa mikahawa, inatoa leseni za teksi. Na wilaya ndiyo inayokusanya kodi ya halmashauri kwa kila nyumba, ingawa katika kila pauni inayoikusanya haibakiwi hata na peni kumi. Nyingi inakwenda kaunti, nyingine polisi. Mwananchi anailaumu wilaya kwa bili ambayo sehemu kubwa yake si ya wilaya.

Kwa hiyo diwani wa wilaya hana jeshi, hana benki kuu, hana sera ya mambo ya nje. Ana pipa lako la taka na shamba lililo nyuma ya nyumba yako, ambalo mjenzi mmoja anataka kuliotesha nyumba 80. Ukitafakari vizuri, hayo mawili yanamgusa mkazi kila siku kuliko hotuba zote za Bunge la Westminster. Gari la taka lisipopita Jumanne, Jumatano simu ya diwani inalia. Na diwani huyo anajulikana anakoishi. Gawanya watu 102,700 kwa viti 34, utapata diwani mmoja kwa watu kama elfu tatu. Wanakutana naye dukani.

Kijani walilielewa jambo hilo mapema. Hawakushuka kutoka mbinguni mwaka 2023. Katika uchaguzi wa mwaka 2019 walikuwa tayari wameshinda viti 12 kati ya vilevile 34, nyuma ya Conservative waliokuwa na 16. Kabla ya hapo walikuwa wachache, wakiongezeka kata kwa kata. Mbinu yao inajulikana na wapinzani wao wote: hawatawanyi nguvu. Wanachagua kata chache, wanagonga milango ya kata hizo hata mwaka usio na uchaguzi, wanauliza kero, wanarudi na jibu, wanaacha kikaratasi cha habari mlangoni. Wakipata diwani mmoja, wanahakikisha anafanya kazi inayoonekana, ndipo wanahamia kata ya pili. Haba na haba, wahenga walisema, hujaza kibaba. Mid Suffolk kibaba kilijaa Mei 2023.

Na mambo yao ya mlangoni hayakuwa barafu ya ncha ya dunia inayoyeyuka. Mashariki mwa England mazungumzo ya watu yalikuwa nyumba mpya zinazojengwa vijijini bila zahanati wala basi, maji taka yanayomwagwa mitoni, na mpango wa kampuni ya National Grid wa kupitisha nguzo kubwa za umeme kutoka Norwich hadi Tilbury, kukatiza mashamba. Hapo pana utata, na mchambuzi mkweli hawezi kuufumbia macho: umeme wenyewe kwa sehemu kubwa unatoka kwenye mitambo ya upepo baharini, jambo ambalo Kijani wanalipigania nchi nzima. Mwanakijiji anaupenda upepo, nguzo haitaki. Diwani wa Kijani analazimika kusimama katikati ya hayo mawili, na zaidi ya hapo uamuzi wa mradi mkubwa namna hiyo unafanywa na serikali kuu. Halmashauri inaweza kutoa maoni tu.

Haya, sasa twende Brighton, mji wa pwani ya kusini. Huko ndiko Chama cha Kijani kilikokuwa na mizizi kuliko mahali popote nchini. Caroline Lucas alishinda kiti cha Bunge huko mwaka 2010, mbunge wa kwanza wa Kijani Uingereza. Mji una vyuo vikuu, una vijana, una kila kitu ambacho Mid Suffolk haina. Na tangu Julai 2020 Kijani ndio walioiongoza halmashauri ya mji huo, ingawa hawakuwa na wingi wa viti.

Siku ileile ya Mei 4, siku ambayo wenzao wa Suffolk walikuwa wanaandika historia, Kijani wa Brighton walianguka kutoka viti 20 hadi saba. Kiongozi wao mwenyewe alipoteza kiti. Labour wakachukua viti 38 kati ya 54 na halmashauri yote ikawa yao.

Chama ni kilekile. Bendera ni ileile, siku ni ileile. Kilichotofautiana ni kwamba Brighton walikuwa madarakani, na madarakani kuna mapipa. Oktoba 2021 madereva wa magari ya taka waligoma, na mifuko ikarundikana vichochoroni kwa wiki mbili, ndege wa baharini wakiichana. Kulikuwa na mpango wa kufunga baadhi ya vyoo vya umma ili kubana matumizi, katika mji unaoishi kwa watalii. Juu ya hayo kulikuwa na deni la mnara wa i360 ulioko ufukweni, ambao halmashauri iliukopea pauni milioni 36 mwaka 2014. Mpiga kura wa Brighton anaweza kuyapenda mazingira kwa moyo wake wote, lakini kama anaruka mifuko ya taka akienda kazini, kura yake itafuata pua yake.

Mji wa pili ni Leicester, katikati ya England. Huku wimbi la kitaifa liligeuka kabisa. Wakati Conservative wanapoteza zaidi ya viti 1,000 kwingineko, Leicester walipanda kutoka bila kiti hata kimoja mwaka 2019 hadi 17. Labour waliokuwa na viti 53 kati ya 54 mwaka 2019 walibaki na 31. Waliobadilisha mambo ni Labour wenyewe: kabla ya uchaguzi chama kiliwaengua madiwani wake 19 wasigombee tena, wengi wao wenye asili ya Asia, na watu wao hawakusahau. Ugomvi wa nyumbani ukazaa matokeo ya nyumbani.

Kwa hiyo halmashauri tatu, siku moja, na kila moja ilijibu swali lake. Hilo ndilo ninalotaka tulishike. Wachambuzi wanapokuletea ramani ya nchi nzima iliyopakwa rangi na kukuambia kwamba uchaguzi wa halmashauri ni kura ya maoni juu ya waziri mkuu, wape nusu ya alama. Nusu iliyobaki iko kwenye kata. England inayaruhusu hayo kwa sababu madiwani hawachaguliwi lazima siku moja na wabunge. Kwetu Tanzania diwani hupigiwa kura siku moja na mbunge na rais, na Kenya mwakilishi wa wadi vilevile, kwa hiyo mara nyingi anabebwa au anazamishwa na upepo wa mgombea mkuu. Kule diwani anasimama peke yake siku ya hukumu.

Na hukumu yenyewe ina sura ya unyonge. Hakuna tume ya taifa inayoendesha zoezi. Msimamizi wa uchaguzi ni ofisa wa halmashauri yenyewe, mwajiriwa. Kituo ni ukumbi wa kijiji au chumba cha kanisa. Ndani kuna penseli iliyofungwa kwa kamba, na hakuna wino wa kuchovya kidole. Masanduku yanamiminwa juu ya meza ndefu kwenye ukumbi wa michezo, makarani wanazipanga karatasi, wagombea na mawakala wao wanazunguka nyuma ya vizuizi wakichungulia mafungu yanavyokua. Kura zikilingana kabisa, mshindi anapatikana kwa kupiga kura ya bahati, papo hapo, na maisha yanaendelea.

Tusiupambe, hata hivyo. Mwaka ule wa 2023, waliojiandikisha wakajitokeza kupiga kura walikuwa takriban theluthi moja tu kwa wastani. Halafu mfumo wenyewe unampa ushindi anayeongoza, hata kama hakufika nusu ya kura. Kijani wa Mid Suffolk walipata asilimia 70 ya viti, lakini hawakupata asilimia 70 ya kura. Chama hicho kimelilalamikia jambo hilo miaka yote, na safari hii kikanufaika nalo.

Jambo jingine jipya siku ile lilikuwa kitambulisho. Kwa mara ya kwanza katika England nzima, aliyefika kituoni alitakiwa aonyeshe kitambulisho chenye picha; zamani ulitaja jina na anwani, basi. Tume ya Uchaguzi ya nchi, ambayo yenyewe haiendeshi kura, ilihesabu watu wapatao 14,000 waliofika vituoni, wakakataliwa, na wakaondoka bila kupiga kura. Kulikuwa na manung'uniko pia kuhusu orodha ya vitambulisho: kadi ya basi ya mzee ilikubaliwa, kadi ya treni ya kijana ikakataliwa.

Hapa sasa, msikilizaji, ndipo habari hii inapoingia ndani ya familia zetu. Katika orodha ile ya vitambulisho imo pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola. Naam, pasipoti ya Tanzania, ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda. Imo pia kadi ya ukaazi ya Uingereza yenye picha. Na haikuwekwa kwa bahati mbaya. Sheria ya Uingereza inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi huko kihalali, mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ajiandikishe na kupiga kura, ya diwani na hata ya mbunge, bila kuwa raia wa Uingereza. Mwanafunzi wa Kitanzania aliye masomoni anayo haki hiyo. Muuguzi wa Kikenya anayehudumia wazee kwenye kituo cha matunzo anayo. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Oman hawaipati kwa njia hiyo, kwa kuwa nchi zao hazimo katika jumuiya. Aliye na kibali cha kuishi moja kwa moja anaweza hata kugombea udiwani: hadaiwi dhamana ya fedha, anahitaji mtu wa kumpendekeza na mwingine wa kumuunga mkono.

Je, kura ya mgeni ina uzito? Waulize watu wa Leicester. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Zaidi ya watu 27,000 walikimbilia Uingereza, wengi wao wakiwa na Kiswahili midomoni pamoja na Kigujarati. Halmashauri ya Leicester ilifika mahali pa kulipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, ikiwasihi wasiende mji huo, ikidai kwamba nyumba na shule zimejaa. Walikwenda. Walifungua maduka, wakajiandikisha, wakapiga kura, na watoto wao wakagombea. Leo hakuna chama kinachothubutu kuomba kura Leicester bila kwanza kupita kwenye milango yao, na Labour mwaka 2023 walijifunza gharama ya kuwaudhi. Halmashauri iliyowaambia wasije leo inategemea kura zao.

Kuhusu Mid Suffolk yenyewe, historia ile haikuishia kwenye halmashauri. Katika uchaguzi mkuu wa Julai 2024 mji wa Eye ulikuwa ndani ya jimbo jipya la Waveney Valley, na jimbo hilo lilimpeleka Bungeni Adrian Ramsay wa Chama cha Kijani, mmoja wa wabunge wanne wa chama hicho waliochaguliwa siku ile. Stowmarket nayo ilijikuta katika jimbo lililochukuliwa na Labour. Ukuta wa Conservative upande ule ulianza kubomolewa na madiwani, wabunge wakapita kwenye ufa.

Na sasa halmashauri za namna hii zinakabiliwa na kufutwa. Desemba 2024 serikali mpya ya Labour ilitangaza mpango wa kuondoa mfumo wa ngazi mbili England yote na kuweka mabaraza makubwa ya ngazi moja, yenye kuhudumia watu kama nusu milioni kila moja. Uchaguzi wa kaunti ya Suffolk uliopangwa Mei 2025 uliahirishwa kwa ajili hiyo. Serikali inasema baraza moja litapunguza gharama na kuondoa mkanganyiko wa nani anafanya nini. Hoja hiyo ina mantiki. Hata mkazi wa Suffolk mara nyingi hajui shimo la barabarani ni la kaunti au la wilaya.

Lakini mimi naona kuna bei itakayolipwa, na haimo katika hesabu za wizara. Diwani wa watu elfu tatu anaweza kugonga milango yote ya kata yake. Ukizidisha watu wake mara tatu au nne, hataweza, na atakayeweza kumfikia mpiga kura atakuwa chama chenye fedha za mabango na matangazo. Kijani wasingeanza Mid Suffolk katika mfumo wa namna hiyo. Wala chama kingine chochote kidogo hakingeanza. Ukubwa wa halmashauri unaamua nani ana nafasi ya kushinda, na serikali inayoziunganisha inapaswa kulisema hilo waziwazi.

Msikilizaji uliye Tanzania, Kenya au Uganda, kama una ndugu England, mwulize leo kama jina lake limo kwenye daftari la wapigakura la halmashauri anakoishi. Wewe uliye huko na unanisikiliza, kujiandikisha ni bure, kunafanyika mtandaoni kwa dakika chache, na mwisho wake ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Kodi ya halmashauri huenda unailipa, hata kama imo ndani ya kodi ya chumba. Siku ya kura chukua pasipoti yako, nenda ukamhukumu diwani wako.